Fundi wa Fremu

Fundi alikuwa analamba mbao. Hakufanya hivyo kwa mzaha wala kwa kutaka kutazamwa. Aliinua ubao mmoja mmoja kutoka kwenye rundo, akaunusa kichwani, akagusa kwa ulimi pale msumeno ulipopita, akafumba macho kidogo, halafu ama aliuweka kulia ama aliutupa kushoto. Siku ya kwanza nilipomwona akifanya hivyo kwenye kiwanja changu pale mtaani Mukendo nilijiambia: Mama Magesa, umepatikana. Ulitaka seremala, umeleta mganga.

"Unatafuta nini humo?" nikamuuliza.

"Maji."

"Aliyeniuzia amesema zimekauka."

"Nani kakwambia?"

"Si nimesema, aliyeniuzia."

"Eeh. Na yeye, nani kamwambia?"

Hiyo "nani kakwambia" aliitumia kwa kila jambo. Ukimwambia mvua inakuja kutoka ziwani, nani kakwambia. Ukimwambia leo Alhamisi, nani kakwambia. Siku moja nilimletea chai, kikombe nimekishika mkononi, mvuke unanipiga usoni, nikamwambia chai tayari. Akauliza nani kakwambia, wala hakucheka. Niliudhika kiasi cha kutaka kuimwaga.

Lakini sikuwa na haki ya kuudhika sana, maana mimi mwenyewe si mtu wa kuamini. Miaka ile nani alikuwa anaamini? Mwenye duka alikwambia sukari hakuna huku sisimizi wamepanga mstari kutoka chini ya kaunta yake. Sabuni haikuwepo mpaka utaje jina la mtu fulani, ndipo ilikuwepo. Nilikuwa mpiga chapa katika ofisi moja ya serikali pale mjini Musoma, na kazi yangu kubwa ilikuwa kupiga vibali vya saruji. Huyu mifuko kumi, yule mifuko arobaini. Nilivipiga kwa vidole vyangu hivi hivi. Ombi langu mwenyewe lilikaa kwenye faili lile lile, chini kabisa, na kila nikiuliza naambiwa subiri, Mama Magesa, zamu yako inakuja.

Nami sikuwa na muda wa kusubiri. Nilikuwa mwanamke niliyeachwa na mume, nina watoto watatu katika chumba kimoja cha kupanga, na kwa bahati ambayo mpaka leo siielewi nilipewa kiwanja. Barua ya ofa ilikuwa na sharti moja nililolijua kwa moyo: mwenye kiwanja ajenge nyumba ya kudumu ndani ya miezi thelathini na sita, la sivyo kiwanja kinarudi. Miezi ishirini na mitano ilikuwa imeshakwisha na sikuwa nimeweka hata jiwe. Waliokitamani walikuwepo. Mmoja wao nilishampigia kibali chake cha saruji kabla hata hajapewa pa kujenga, nikajiuliza huyu saruji yote hii ataiweka wapi, na nikajijibu.

Aliyenielekeza kwa Fundi ni mama mmoja muuza samaki wa Kisorya. Alisema kule kwao, kwenye kivuko cha kwenda Ukerewe, alikuwepo mtu wa kuunda mitumbwi ambaye sasa amehamia Bunda na anajenga nyumba, na nyumba zake hazihitaji saruji. Nikamwambia nyumba isiyohitaji saruji ni banda. Akasema, "Basi kaa na saruji yako." Sikuwa nayo, kwa hiyo nikamwita Fundi, naye akaja akapanga chumba mtaani kwetu mpaka kazi iishe.

Alikuwa mfupi, mabega mapana, na mdomoni muda wote alikuwa na misumari. Kwa sababu ya misumari hiyo alizungumza kwa upande mmoja tu wa mdomo, na mtu anayezungumza hivyo ni vigumu kumwamini hata akikutajia jina lako. Misumari yenyewe haikuwa mipya. Aliing'oa kwenye makreti na kwenye mitumbwi mibovu, akainyoosha juu ya jiwe, mmoja mmoja, kwa nyundo ndogo. Futi za kamba za dukani alizikataa kabisa. Alisema hazilingani, akapimia fimbo yake mwenyewe aliyoichora alama kwa kisu. Kwa gundi alikuwa na maneno makali kuliko aliyokuwa nayo kwa serikali.

Siku aliyonieleza nyumba itakavyokuwa, tulisimama katikati ya kiwanja, nami nikamsikiliza kama ninavyowasikilizaga wauza dawa wa stendi.

"Udongo wako huu ni mweusi," alisema akiukanyaga kwa kisigino. "Huu kiangazi unapasukaga, masika unavimbaga. Ukiweka ukuta ya tofali hapa, ukuta inataka kusimama, udongo unataka kutembea. Nani atashinda? Nenda Bunda ukaangalie. Nyumba za watu zina ufa mpaka kuku anapita."

"Na mbao je?"

"Mbao inakubali. Udongo ukisogea, yenyewe inasogea nao kidogo, halafu inarudi. Mtumbwi ungekuwa wa tofali ungefika wapi?"

Alisema nyumba ya mbao ni nyepesi, haidai msingi wa kuzika jasho la mtu, mawe tu na nguzo juu yake. Alisema itakuwa imesimama kabla saruji yangu haijatoka kwenye faili. Mchana haitageuka tanuri, kwa sababu ukuta wake una ngozi mbili na katikati pana uwazi wa kujaza vitu vikavu. Ubao ukioza unatolewa huo mmoja, nyumba inabaki. Nilimuuliza kuhusu mchwa. Akatoa mfukoni kipande cha bati la debe la mafuta ya kula, amelikunja kama kofia, akasema hizi zitakaa kati ya jiwe na nguzo, mchwa akipanda atakutana na ukingo na kugeuka. Nilimuuliza kuhusu moto. Hapo alitoa misumari yote mdomoni, akaishika kiganjani.

"Moto sikudanganyi," akasema. "Jiko uweke nje."

Ndilo jambo la kwanza kutoka kwake nililoliamini.

Tatizo lilianza na neno. Kabla ya kupigilia ubao hata mmoja wa ukuta, Fundi alisimamisha mifupa ya nyumba nzima, nguzo na vibao vya kulala na vya mshazari, kila kimoja kimeingia kwenye mwenzake kwa tundu na ulimi. Mifupa hiyo aliiita fremu. "Watu wanapendaga ukuta," aliniambia, "lakini ukuta ni nguo tu. Nyumba yenyewe ni fremu." Alinishikisha nguzo ya pembeni, akanambia nisukume. Nikasukuma, na nikaisikia nyumba yote inaitika mpaka kona ya mbali. Aliniambia hakuna mteja mwingine aliyefundishwa jambo hilo, kwa sababu hakuna mwingine aliyeuliza. Sikumwamini, lakini nilifurahi.

Sasa pale Mukendo neno fremu lilikuwa na maana moja tu, nayo ni chumba cha duka. Mtu akisema ana fremu mbili, ana vyumba viwili vya biashara barabarani. Fundi alipopita asubuhi na msumeno begani, watu walimuuliza anafanya nini kwa Mama Magesa, naye akajibu kwa upande mmoja wa mdomo, "Nasimamisha fremu." Mtaa mzima ukaelewa kwamba mpiga chapa wa serikali anafungua duka. Na hapo tulikuwa katika miaka ambayo mtu kufungua duka, watu walitaka kujua kwanza ana nini chini ya kitanda.

Balozi wetu wa nyumba kumi, mzee mpole mwenye kawaida ya kuanzia mbali, alikuja akaulizia afya ya watoto, akasifu upepo, kisha akasema, "Mama Magesa, mzigo utatoka wapi?"

"Mzigo gani, Balozi?"

"Wa kwenye fremu."

"Balozi, fremu ni nyumba."

"Nyumba ya nini?"

"Ya kulala."

Akaitazama ile mifupa ya mbao ambayo ungeona ziwa kupitia humo, akanitazama na mimi. "Haya," akasema, kwa sauti ya mtu aliyeamua kutoniamini kwa adabu.

Nilimsihi Fundi atumie neno jingine. Akasema jina lake ndilo hilo, wenye maduka ndio walioliiba.

Hakula kwangu hata siku moja. Alikuja na ugali wake wa muhogo umefungwa kwenye kitambaa, na samaki wadogo wa furu waliokaushwa, akala ameegemeza mgongo kwenye nguzo, macho njiani. Nilidhani ananishuku nitamwekea kitu. Nikamuuliza, akasema ndiyo. "Si wewe tu," akaongeza, nafikiri kwa kunipoza. "Mimi chakula ya mteja silagi. Kazi ikiharibika anasemaga na kwake nimekula." Ile chai aliikubali kwa sababu aliona inachemka.

Jumapili alikaa benchi la mwisho kanisani, karibu na mlango. Wakati wa sala nilimwona akigonga benchi kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akatikisa kichwa. Aliimba vizuri sana, kwa sauti nene iliyowafanya watu wageuke, na akigundua wamegeuka alinyamaza.

Ila kilichonikata maini kuliko vyote nilikikuta Bunda. Nilitumwa huko kikazi, nikaulizia kwake ili nione kwa macho yangu nyumba anayokaa mhubiri wa mbao. Nikaonyeshwa nyumba ya matofali ya kuchoma. Nilisimama pale barabarani na bahasha ya ofisi kwapani. Mkewe akatoka, mama mnene mcheshi, akanikaribisha.

"Ya mbao?" akasema nilipomuuliza. "Mimi nikae kwenye mtumbwi? Nilimwambia utanijengea nyumba au narudi kwetu."

Kwenye ukuta wa mbele ulikuwepo ufa kutoka dirishani mpaka chini, umezibwa kwa udongo, umefunguka tena pembeni ya pale ulipozibwa. Mama yule aliniona nikiutazama. "Kila mwaka anauzibaga," akasema. "Na kila mwaka akimaliza ananitazama."

Ni yeye aliyeniambia jambo ambalo mumewe hakulitaja kamwe. Walipohamishiwa kwenye kijiji cha pamoja, nyumba yao ya kwanza, ya matofali aliyoyafyatua mwenyewe, ilibaki nyuma. Alirudi mwaka uliofuata kuitazama akakuta kuta zimesimama bila paa na mbuzi wa mtu wamo ndani. Tangu hapo, mkewe alisema, haamini kitu kisichobebeka. Niliporudi Musoma sikumwambia Fundi kwamba nimefika kwake. Nilikuwa nimemhurumia, na kumhurumia mtu ambaye bado unamshuku kunachosha.

Ukuta ndio ulioleta balaa. Ule uwazi wa katikati Fundi aliujaza pumba za mpunga zilizochanganywa na majivu, ili wadudu wasikae na joto lisipite. Kwenye maungio ya mbao alipigilia pamba iliyolowekwa mafuta, kama anavyoziba mtumbwi. Pamba hiyo yalikuwa mabaki ya chini ya mashine kwenye kiwanda cha kuchambulia pamba, yale yanayofagiwa na uchafu. Aliileta kwenye magunia, juu ya baiskeli, amefunika kwa turubai kwa sababu ya mvua. Kwa hiyo walichokiona majirani ni hiki: magunia yaliyofunikwa yanaingia kwa Mama Magesa yamejaa, yanatoka matupu, na ukuta unafungwa.

Na ndipo msako wa walanguzi ukapamba moto. Watu walitupa vitenge ziwani. Tulisikia mtu fulani amekutwa na sabuni kwenye shimo la choo, mwingine na betri za redio ndani ya kitanda cha bibi mgonjwa. Pamba ilikuwa mali ya kuuzwa kwa ushirika na si vinginevyo, na mpaka wa Kenya hauko mbali na kwetu. Ofisini, mwenzangu wa meza ya pili aliniuliza huku anacheka, "Mama Magesa, ukuta wako ukiugonga unasemaje?"

Jioni hiyo nilimfuata Fundi akiwa anakusanya vyombo vyake.

"Ndani ya ukuta kuna nini?"

"Pumba na majivu. Kwenye maungio pamba. Si nilikuambia?"

"Na kingine?"

Akafunga msumeno kwenye gunia. "Kama hauniamini, fungua."

Angesema "hakuna" ningelala. Lakini aliniambia nifungue, nami nikaanza kufikiria ukuta wa nyuma, ule alioufunga nikiwa kazini, ambao sikuona kwa macho yangu ukijazwa. Nilifikiria ile nyumba yake ya matofali. Nilifikiria kiwanja. Wakikuta kitu kwenye ukuta wangu, nani ataamini kwamba mpiga vibali hakujua? Kiwanja kingekwenda, kazi ingekwenda, na watoto wangu wangerudi chumba kimoja, kama hicho nacho kingekuwepo.

Nitasema nilichofanya, maana sijawahi kukisema. Jumamosi mchana, watoto wakiwa ziwani, niliandika barua kwa mkono wa kushoto. Mwandiko wangu ulijulikana, na mashine yangu ilijulikana zaidi. Niliandika kwamba kuna fundi kutoka Bunda anajenga kwa Mama Magesa, kwamba ndani ya fremu ya ukuta wa nyuma huenda kuna kitu kimefichwa, na kwamba mwenye nyumba hajui. Barua yote niliiandika kwa ajili ya maneno hayo matatu ya mwisho. Sikuweka jina. Niliipeleka mwenyewe kituo cha polisi, nikaiacha penye barua za watu wengine, nikarudi nyumbani nikapika, na nakumbuka kwamba nilikula vizuri.

Walikuja Jumanne, watu watatu na Balozi, mmoja ameshika mtaimbo. Fundi alikuwa juu ya ngazi. Mkubwa wao akatoa karatasi yangu mfukoni, akaisoma kwa sauti mbele ya majirani walioanza kujaa, akakwama katikati.

"Ndani ya fremu ya ukuta," akarudia. "Fremu ya ukuta ndiyo nini? Duka liko ukutani?"

"Afande," Balozi akasema, "hapa kwetu fremu ni duka. Mwandishi amechanganya."

Mtaa mzima ulisema fremu kwa maana ya duka. Mtu mmoja tu pale Mukendo alikuwa amefundishwa maana nyingine, ameshikishwa nguzo na kuambiwa asukume. Fundi aliteremka ngazi polepole. Aliitazama karatasi mkononi mwa yule afande, si mimi, na kwa kuwa hakunitazama kabisa nilijua kwamba huenda amejua. Au huenda hakujua. Swali hilo nililala nalo miaka mingi.

Yule wa mtaimbo akasogea ukutani.

"Wewe utapasua," Fundi akasema. "Acha nifungue."

Alifungua mbao nne bila kuvunja hata moja, misumari akiirudisha mdomoni kwa mpangilio. Pumba na majivu vikamwagika juu ya viatu vya afande. Mmoja wao akaingiza mkono mpaka begani, akatafuta, akatoa vumbi. Watu wakaanza kucheka. Labda bila kile kicheko wangeondoka, lakini mkubwa wao alikuwa amechafuka viatu, naye akaona ile pamba nyeupe kwenye maungio, akaivuta.

"Na hii?"

"Ni ya kuziba," Fundi akasema. "Mabaki. Yanafagiwaga kule kiwandani."

"Nani amekupa ruhusa?" Kisha akanigeukia. "Mama, wewe ulijua humu kuna pamba?"

Fundi alikuwa ameniambia mara mbili. Nilikuwa nimemwona akiipigilia. Watu wote walikuwa wananitazama isipokuwa yeye, aliyekuwa anakunguta majivu kwenye mikono.

"Sikujua," nikasema.

Wakaondoka naye. Alikaa kituoni siku tatu, mpaka mtu wa kile kiwanda alipothibitisha kwamba yale ni mabaki ya kufagiwa. Siku ya nne asubuhi nilimkuta kwenye kiwanja, amechuchumaa, anakusanya pumba zilizomwagika kwa viganja.

"Pole, Fundi."

"Asante," akasema. "Pumba zimepungua. Tafuta madebe mawili."

Nilikwenda kuzitafuta mwenyewe, nikazibeba kichwani, na njia nzima nililia kama mtu aliyefiwa. Sikumwambia kitu. Nilijidanganya kwamba nitamwambia nyumba ikiisha, kisha nikajidanganya kwamba nitamwambia afisa ardhi akishapita.

Afisa ardhi alikuja miezi miwili kabla ya muda kwisha. Aligonga ukuta, akasikiliza, akakunja uso. "Barua inasema nyumba ya kudumu," akasema. "Hii ni mbao."

"Mheshimiwa," Fundi akamuuliza, "kudumu ni miaka mingapi?"

Afisa akafungua faili, akapekua mbele, akapekua nyuma. "Haijaandikwa."

"Basi tuandikie ya kudumu. Ikianguka uje ufute."

Nilidhani tumekwisha. Afisa alimtazama Fundi, akaketi kwenye kiti changu cha pekee ndani ya ile sebule, mchana jua likiwa utosini, akavua koti, akakaa kidogo mpaka jasho likamkauka. Kisha akaniomba meza ya kuandikia. Kiwanja kikawa changu.

Niliishi katika nyumba hiyo mpaka Magesa, mwanangu mkubwa, akawa na ndevu. Kila alilolisema Fundi lilitokea, na jambo hilo liliniuma kuliko kama angekuwa ametudanganya. Masika mawili tu yalimtosha jirani yangu wa tofali za saruji, mmoja wa wale niliowapigia vibali, kupata ufa jikoni na mwingine chumbani. Nyumba yangu usiku ililialia kidogo, udongo ukisogea, na asubuhi milango ilifunguka kama kawaida. Mchwa walipanda mawe, wakakutana na kofia za bati, wakarudi. Ubao mmoja wa upande wa mvua ulioza, Fundi akaja akautoa huo mmoja. Tuliongea habari za ubao.

Halafu milango ya biashara ikafunguliwa. Saruji ile niliyoipigia vibali ikapangwa barabarani hadharani, mtu anaketi juu yake anauza mitumba. Fremu zikaota kila kona ya Mukendo, fremu za maduka, na Fundi akapata kazi nyingi ya kuzijenga, akaifanya amenuna. Magesa aliyekuwa anafanya kazi Mwanza alikuja likizo, akasema kwa upole, "Mama, watu wananiuliza kwa nini mama yako anakaa kwenye banda." Nikamwambia nani kakwambia ni banda, tukashangaa wote wawili. Lakini alikuwa amenuia, tofali zilikuwa zimeshafyatuliwa, na mimi nilikuwa nimechoka kubishana na mtoto anayenipenda. Nilimtumia Fundi salamu Bunda kwamba nyumba inaondolewa, kama anazitaka mbao aje kabla sijampa mtu wa kuni.

Alikuja kesho yake. Alikuwa amezeeka, meno ya mbele hayapo, kwa hiyo misumari sasa ilikaa kwenye kopo na yeye alizungumza kwa mdomo mzima. Ilinichukua muda kuizoea sauti yake. Alipanda, akalamba nguzo ya kona, akafumba macho. "Zimekauka," akasema. Alisema anazichukua zote. Binti yake alikuwa mwalimu, amehamishiwa Butiama, shule ina nyumba moja na walimu saba. Atamsimamishia hii hii huko.

Aliibomoa kwa siku nne bila kupasua kitu. Kila kipande alikichora alama kwa chaki, akakipanga kwenye lori kwa zamu ambayo aliijua mwenyewe. Ukuta wa nyuma aliuacha wa mwisho. Pumba zilimwagika, kavu kama siku alipoziweka, nami nikaona kwamba nisipoongea sasa lori litaondoka na nitabaki na jambo hili mpaka nizikwe nalo.

"Fundi," nikasema. "Ile siku ya wale watu. Kuna kitu nilitaka..."

"Mama Magesa," akanikatiza, anafunga kamba. "Njiani kuna kizuizi cha misitu. Wakikuta mbao bila karatasi wanachukuaga zote. Nataka uniandikie barua."

"Barua gani?"

"Kwamba mbao ni halali. Zimetoka kwako, ilikuwa nyumba yako, umenipa kwa ridhaa yako. Ukijua kuna pamba, andika na pamba."

Niliketi juu ya jiwe mojawapo la msingi, nikaandika kwenye daftari la shule la mtoto wa jirani. Niliandika kwamba fundi huyu aliijenga nyumba hii kwa uaminifu, kwamba kila alichoweka ndani ya ukuta wake niliambiwa na nilikijua, na pamba pia nilijua. Niliandika kwamba fremu ya nyumba, nguzo na mbao zote, ni mali yake. Nikachana karatasi, nikampa.

Aliisoma akiwa amesimama, midomo inatembea, mpaka mwisho. Kisha akainama, akanirudishia karatasi pamoja na kalamu, akaweka kidole chake chenye chaki chini kabisa, pale nilipokuwa nimeacha nafasi.

"Safari hii," akasema, "weka jina."